Nyumba Inatazamwa, Hainunuliwi: Kuchunguza Mwanga Kabla ya Kushusha Bei

Mnunuzi wa nyumba mjini Moshi hamwambii mwenye nyumba kwamba sebule yake ina giza. Atazunguka vyumba vyote, atafungua bomba la jikoni kuona kama maji yanatoka, atauliza umbali wa kufika barabara ya lami, atashukuru kwa chai, na akiwa amesimama getini atasema, "Basi, mama, tutawasiliana." Baada ya hapo simu haiiti. Dalali ataeleza kuwa bei iko juu, kwa sababu ndiyo maelezo mepesi kuliko yote, na mwenye nyumba atashusha milioni tano, kisha nyingine tano. Nilifunga umeme wa majumbani kwa miaka mingi kabla sijaanza kuandaa nyumba za kuuzwa Moshi na Arusha, na ninachowashauri wauzaji ni kuichunguza nyumba yao jinsi fundi anavyolichunguza gari lililogoma kuwaka: dalili kwanza, chanzo baadaye, matengenezo mwisho.

Ninayoyaeleza hapa yanahusu nyumba zilizo kwenye viwanja vya mjini na pembezoni mwake: Rau, Soweto na Shanty Town kwa upande wa Moshi, Njiro, Moshono na Sakina kwa upande wa Arusha. Nyumba iliyojengwa kihambani, yaani kwenye shamba la urithi la Wachaga, ina mashauri yake ya ukoo, na huko balbu haisaidii kitu.

Kwanza fahamu jua liko upande gani

Moshi na Arusha ziko kusini mwa ikweta kwa nyuzi tatu na kitu tu, kwa hiyo jua letu la mchana halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia wiki ya pili ya Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba linapita kaskazini mwa utosi, na mwishoni mwa Juni linafika nyuzi 27 hivi kutoka utosini. Miezi iliyobaki linapita kusini, na Desemba linafika nyuzi 20 hivi. Kilele chake ni karibu saa sita na nusu, si saa sita kamili, kwa kuwa saa za Afrika Mashariki zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki ilhali sisi tuko karibu na 37.

Mkazi wa hapa hahitaji dira kuifanya hesabu hiyo, maana kaskazini ni mlimani. Ukiwa Moshi, Kilimanjaro uko kaskazini. Ukiwa Arusha mjini, Meru uko kaskazini. Dirisha linalotazama mlima hupata jua la mshazari asubuhi na alasiri wakati wa kipupwe, mawingu yakiruhusu, na wakati wa Krismasi halipati jua la moja kwa moja hata kidogo.

Hapo ndipo wauzaji wengi wanapojikwaa. Desemba ndiyo mwezi ambao Wachaga wanarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na kwingineko kwa ajili ya sikukuu, na baadhi yao wanakuja na fedha ya kununua. Mwenye nyumba alipiga picha mwezi Julai, saa tatu asubuhi, siku ambayo mawingu yalifunguka na jua likaingia sebuleni hadi kwenye miguu ya kochi. Mnunuzi anafika tarehe 27 Desemba saa tisa alasiri na kukuta chumba kilekile kimepoa, huku jua lote likiwa limehamia jikoni na kwenye choo cha wageni. Hajadanganywa, lakini ndivyo anavyohisi. Kwa hiyo, kabla ya kuendelea, tembea nyumba nzima saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi alasiri, katika mwezi unaokusudia kuuza, na uandike kwenye karatasi ni chumba gani kina jua saa ngapi. Karatasi hiyo ndiyo itakayokupangia ratiba ya wageni.

Dalili: sebule ina giza mchana kweupe

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo kuliko zote, na kosa la kwanza ni kukimbilia taa. Saa sita mchana ni saa mbaya ya kuonyesha nyumba katika miji yetu yote miwili. Jua liko juu mno, na mapaa yanalikinga: ukingo wa paa unaotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha mita 1.2 hivi mwezi Juni na zaidi ya mita 1.6 mwezi Desemba, kivuli kinachotosha kufunika sehemu kubwa ya dirisha la kawaida au lote. Wakati huohuo uani kunang'aa, na macho ya mgeni yamejibana kwa sababu ya mwangaza wa nje. Akivuka kizingiti anaona giza hata kama chumba kina mwanga wa kutosha, kwa kuwa macho huhitaji dakika kadhaa kuzoea. Mgeni wa saa hiyo mkalishe barazani kwanza, kivulini, mpe maji na mzungumze habari za safari. Usimtoe kwenye gari moja kwa moja hadi sebuleni.

Ikiwa giza lipo hata saa nne asubuhi, chanzo ni kingine. Kipimo changu ni gazeti. Ninakaa kwenye kochi lililo mbali zaidi na dirisha, taa zikiwa zimezimwa, na kujaribu kusoma habari yenye herufi ndogo. Nikishindwa, ninaondoa vizuizi kimoja kimoja, nikirudi kwenye kochi kila mara, kwa sababu ukiondoa vyote kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa na utatumia fedha pasipostahili.

Mapazia huanza. Mapazia mazito yenye mikunjo mingi, hata yakifunguliwa, hubaki yamefunika robo ya dirisha kila upande iwapo fimbo yake ni fupi. Refusha fimbo ivuke fremu kwa sentimita 20 au 30 kila upande ili pazia likifunguliwa litulie ukutani na si kwenye kioo. Shia nyeupe, yaani pazia jepesi la ndani, iliyogeuka rangi ya kahawa kwa vumbi ifuliwe au iondolewe kabisa wakati wa kuonyesha nyumba. Baada ya mapazia, angalia nyavu za mbu. Vumbi jekundu la kiangazi hujaa katika vitundu vyake taratibu kiasi kwamba wenye nyumba hawaoni mabadiliko. Uzitoe, uzioshe kwa brashi laini na sabuni ya unga, uzirudishe siku ileile, na ukipata nafasi osha na grili.

Kisha kioo. Madirisha mengi ya aluminiamu yaliyofungwa katika miaka ya karibuni yana vioo vya bluu au vya rangi ya shaba, ambavyo wenye nyumba walivichagua kwa ajili ya faragha na kwa kuwa vilipendeza vikitazamwa kutoka barabarani. Shika karatasi nyeupe ndani, karibu na dirisha lililofungwa, kisha fungua dirisha na uitazame tena. Karatasi ikibadilika sana, basi kioo kinakunyima mwanga na pia kinaharibu rangi za vitu vyako: ukuta wa krimu unaonekana wa kijivu, na nyuso za watu zinaonekana kama za wagonjwa. Si lazima kubadili vioo vya nyumba nzima. Badilisha vya sebule na vya jiko, uache vya vyumba vya kulala na vya upande wa barabara kama vilivyo.

Miti ni suala nyeti. Mgrivea, mparachichi na migomba iliyopandwa mita mbili kutoka ukutani hupendeza mno, na mnunuzi wa Moshi anapenda kijani. Pogoa matawi ya chini hadi usawa wa juu wa dirisha, upunguze mashina ya migomba yaliyosongamana mbele ya kioo, na uuache mti wenyewe. Ukilazimika kuukata, pita kwanza ofisi ya kata kuuliza utaratibu.

Mwisho kuna ukuta na dari, na hapa ndipo penye faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Rangi nyeupe mpya hurudisha chumbani takriban asilimia 80 ya mwanga unaoigusa, ilhali kahawia iliyokolea au damu ya mzee hurudisha sehemu ndogo sana, na mwanga uliobaki unaishia palepale. Nyumba nyingi za zamani zina ukuta wa rangi mbili, nusu ya chini ikiwa imepakwa rangi ya mafuta iliyokolea ili watoto wasiichafue. Watoto wamekwisha kukua na kwenda zao. Ipige msasa ili rangi mpya ishike, kisha upake ukuta wote rangi moja nyepesi yenye joto kidogo, kama krimu au nyeupe iliyovunjwa, kwa sababu nyeupe kavu kabisa huonyesha kila dosari ya lipu. Dari la mbao lililopigwa vanishi linanipa shida zaidi. Linakula mwanga, lakini wanunuzi wengi wa Arusha hulisifu na huliona kuwa dalili ya nyumba iliyojengwa kwa moyo, kwa hiyo sebuleni ninaliacha na kuongeza taa, na kwenye korido isiyo na dirisha ninalipaka nyeupe bila huruma.

Mwaka fulani niliitwa Rau kwenye nyumba ya mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole ambaye alikwisha kushusha bei mara mbili. Sebule yake ilikuwa na madirisha matatu makubwa, na bado saa nne asubuhi sikuweza kusoma hata kichwa cha habari nikiwa kwenye kochi la mwisho. Tulitoa mapazia: nikasoma kichwa cha habari. Tulitoa nyavu, na kijana wake alipozigonga ukutani vumbi lilitoka kama unga kinuni: nikasoma aya ya kwanza. Tulikata matawi manne ya mparachichi: nikasoma habari nzima. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitazama zulia lake, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hivi hili zulia lilikuwa na maua?" Kazi ilichukua asubuhi moja, na hatukununua kitu.

Dalili: taa zote zinawaka lakini chumba ni baridi kama zahanati

Chanzo karibu kila mara ni rangi ya mwanga. Kwenye boksi la balbu kuna namba inayoishia na herufi K, yaani kelvini. Madukani kwetu inayotawala ni 6500K, mwanga mweupe unaoelekea bluu, ambao unafaa karakana, stoo na dawati la mwanafunzi. Sebuleni na vyumbani tumia 2700K au 3000K, yaani mwanga wa manjano laini unaofanana na ule wa balbu za zamani za waya. Jikoni na bafuni 4000K inatosha vizuri. Usiponunua kwa kusoma namba, utaishia na sebule yenye balbu mbili nyeupe, moja ya manjano na tyubulaiti moja ya korido inayomwaga mwanga wa bluu mlangoni, na mchanganyiko huo ndio unaochosha macho ya mgeni bila yeye kujua sababu. Ndani ya chumba kimoja, na katika vyumba vinavyoonana mlango ukiwa wazi, balbu zote ziwe na namba moja.

Boksi hilohilo, likiwa la kampuni inayojali, huwa na herufi Ra ikifuatiwa na namba inayoonyesha jinsi rangi za vitu zinavyoonekana kwa uhalisi chini ya taa hiyo. Chukua yenye Ra80 au zaidi. Chini ya hapo mninga unaonekana kama boksi la karatasi.

Upungufu wa mwanga nao hutazamwa kwa namba, na si kwa wati. Kinachopima mwanga ni lumeni, na balbu nzuri ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800, sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Kwa sebule ya kuonyeshwa mimi hutumia kanuni yangu ya lumeni 200 kwa kila mita ya mraba. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20, kwa hiyo inataka lumeni 4,000, yaani balbu tano za aina hiyo. Nyumba nyingi ninazozikuta zina holda moja katikati ya dari yenye balbu moja, kisha mwenye nyumba anashangaa kwa nini pembe zote zina kivuli.

Kuweka balbu moja kubwa mahali pa ile moja ndogo hakuondoi tatizo, maana mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: umbali ukiwa maradufu, mwanga unaofika ni robo. Katikati patachoma macho na pembeni patabaki gizani. Gawanya mwanga. Taa mbili za mezani zenye kofia ya kitambaa, moja kila pembe ya mbali, na taa moja ya kusimama nyuma ya kochi hubadilisha chumba bila kupasua ukuta, na ukihama unaondoka nazo. Kabla ya kununua angalia pia aina ya holda, kwa sababu nyumba moja inaweza kuwa na za pini na za kuzungusha kwa pamoja, na safari ya pili mjini kwa ajili ya balbu isiyoingia inaudhi.

Dalili: taa zinafifia jioni, zinacheza, au hazizimiki kabisa

Dalili hizi tatu hufanana machoni lakini vyanzo vyake ni tofauti, na ya tatu ina hatari.

Taa zinazofifia kati ya saa moja na saa tatu usiku kwa kawaida zinatokana na umeme kushuka nguvu wakati mtaa mzima unapika na kupiga pasi. Kiwango chetu ni volti 230, na balbu ya bei ya chini iliyoandikwa volti 220 hadi 240 haina nafasi ya kuvumilia upungufu. Tafuta iliyoandikwa volti 85 hadi 265, ambayo hurekebisha yenyewe ndani na kubaki na mwanga uleule. Lakini kama zinafifia saa yoyote kila friji au pampu ya maji inapoanza kunguruma, chanzo kiko ndani ya nyumba yako: waya mwembamba uliobebeshwa mzigo kupita kiasi, au muunganisho uliolegea kwenye kibao cha saketi breka. Huo ni wa fundi, na ufanywe kabla ya mgeni yeyote.

Taa inayocheza peke yake, huku nyingine zimetulia, ijaribu kwenye holda nyingine. Ikicheza na huko, tupa balbu. Ikitulia, holda ya kwanza imelegea au imeungua ndani.

Taa inayobaki na mwanga hafifu baada ya kuzimwa ndiyo inayowatisha wanunuzi, na wana haki. Mara nyingine chanzo ni swichi yenye kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo gizani, kwani umeme kiduchu unaopita humo unatosha kuiamsha LED, na tiba ni kubadili swichi. Mara nyingine, na nimeikuta katika nyumba ambazo waya zake zilivutwa na fundi wa pembeni, swichi imefungwa kwenye waya wa nyutro badala ya laini. Katika hali hiyo taa ikizimwa, holda bado ina umeme kamili, na anayebadilisha balbu akiamini yuko salama anaweza kupigwa shoti. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA akague swichi zote, kwa sababu aliyekosea moja hakukosea moja tu.

Kuna dalili ya nne isiyohitaji fundi. Njiro niliwahi kumwonyesha nyumba bwana mmoja na mkewe saa kumi na mbili jioni. Tulipofika chumba kikubwa cha kulala umeme ukakatika, na tukasikia mita ya LUKU ikilia nje ukutani. Uniti zilikuwa zimekwisha. Tulimaliza ziara kwa tochi ya simu, nao wakaona kile ambacho tochi huonyesha, yaani nyufa. Siku ya wageni, angalia mita asubuhi.

Dalili: picha hazifanani na nyumba

Mnunuzi wa leo huiona nyumba kwenye simu kabla hajaiona kwa macho. Ikiwa dirisha katika picha ni doa jeupe na chumba kimekuwa cheusi, simu imeelekezwa dirishani na imechanganyikiwa kati ya mwanga wa nje na wa ndani. Simama ukiwa umelipa dirisha kisogo au ubavu. Ukitaka lazima mlima uonekane kupitia dirishani, piga asubuhi mapema baada ya jua kuchomoza, wakati mwanga wa nje na wa ndani haujapishana sana. Na kwa bahati njema huo ndio wakati ambao Kilimanjaro mara nyingi huwa wazi kabla ya kujifunika mawingu. Kwa vyumba vingine vyote siku ya mawingu ya kipupwe inafaa kuliko siku ya jua kali, kwa sababu mwanga unaingia kwa usawa kutoka kila dirisha.

Mistari myeusi inayokatiza picha au kutembea kwenye video hutokana na taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na balbu duni hufifia na kuwaka mara 100 katika sekunde hiyo. Jicho halioni, kamera inaona. Zima taa na upige kwa mwanga wa mchana, au kama simu yako inaruhusu kupanga mwendo wa kamera, weka 1/50 au 1/100. Balbu inayoonyesha mistari hiyo ibadilishwe hata kama bado inawaka, kwa kuwa mgeni naye atachukua video kumpelekea mwenzi wake.

Lenzi ya 0.5 inayopanua picha niiseme kwa ufupi: inakifanya chumba cha mita tatu kionekane ukumbi, na mgeni akifika anahisi amepunjwa kabla hajasalimia. Simama pembeni, shika simu usawa wa kifua, ilaze, na utumie lenzi ya kawaida.

Dalili: ukuta umekuwa mbaya zaidi baada ya kuongeza taa

Taa iliyofungwa karibu na ukuta, ikimwaga mwanga kwa kuukwaruza kutoka juu au chini, huonyesha kila wimbi la lipu. Taa za ukanda zilizofichwa ndani ya dari la jipsamu nazo hufanya hivyo kwenye dari. Ama upige skimu ukuta ule, ama usogeze taa nusu mita kutoka ukutani, ama uikubali na uning'inize picha.

Alama nyingine hazitokani na taa, taa imezifichua tu. Duara la kahawia kwenye dari ni maji ya bati linalovuja. Rangi inayobanduka kwa chini, juu kidogo ya sakafu, pamoja na unga mweupe wa chumvi, ni unyevu unaopanda kutoka ardhini kupitia tofali. Madoa meusi kwenye pembe za bafu wakati wa baridi ya Juni na Julai, hasa Arusha, ni ukungu unaoota kwa sababu mvuke hauna pa kutokea. Nimeombwa mara kadhaa nipunguze taa upande huo au nisogeze kabati lifunike, na huwa ninakataa. Anayenunua nyumba hapa atarudi masika na fundi wake, au atakuwa jirani wa ndugu yako. Rekebisha bati, toboa tundu la hewa bafuni, na kwa unyevu wa ardhini, ambao ni ghali kuutibu, mwambie mgeni wazi na uutoe kwenye bei. Hapo ndipo mahali pekee katika mwongozo huu ambapo ninashauri bei ishuke.

Dalili: wageni wa jioni hawakai

Jua huzama kwetu kati ya saa kumi na mbili na dakika ishirini hivi na saa moja kasoro dakika tano hivi, na magharibi ni fupi. Dakika ishirini na kitu baadaye ni usiku. Mgeni anayefika saa kumi na mbili na nusu huanza ziara kweupe na kuimaliza gizani, kwa hiyo washa taa zote kabla hajafika badala ya kutangulia chumba hadi chumba ukipapasa swichi. Taa ya geti iliyofungwa usawa wa macho na isiyo na kifuniko humpofusha mtu anayeingia na kumfanya aone uani kama shimo. Ipandishe au iwekee kofia inayoelekeza mwanga chini, na uweke taa ndogo ndogo kwenye ngazi na njia. Mvua za vuli zikianza, taa nyeupe ya barazani itakukusanyia kumbikumbi wa kutosha kikaango kizima, na ingawa wapo wanaoshukuru, mnunuzi aliyevaa suti hashukuru. Balbu ya manjano hupunguza wadudu kwa kiasi kikubwa.

Dalili: kila kitu kinawaka, na bado hawarudi

Ukiwa umepita yote hayo, wageni wanakaa muda mrefu, wanapiga picha wenyewe, wanarudi mara ya pili na mzee wao au na fundi, kisha wanapotea, acha kununua balbu. Anayerudi mara ya pili amekwisha kuipenda nyumba. Muulize dalali ni swali gani waliuliza mwisho kabla ya kuondoka. Mara nyingi utasikia kuwa waliuliza kama hati iko kwa jina lako au bado iko kwa jina la marehemu baba, kama mawe ya mpaka yapo, au kama gari linafika wakati wa masika. Hizo ni safari za ofisi ya ardhi, mpimaji na greda, kwa mpangilio huo.